Matairi ya Mtumba kwa 4x4 ya Zamani nchini Uganda: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Wenye Prado, Surf, Pajero, Patrol, Land Cruiser na Land Rover za zamani huuliza maswali haya kila wanapotafuta matairi ya bei nafuu. Majibu yanaanzia dukani na kuishia barabarani. Jambo likiwa limeelezwa kwingine, tumetaja swali lenye maelezo.

## Kabla ya kutoa pesa

Tairi la mtumba linaweza kuaminika kweli?

Linaweza, kwa masharti mawili: umri wake uwe mdogo, na ndani yake uwe umepaona kwa macho yako. Wanunuzi wengi hutazama meno peke yake, na meno ndiyo sehemu rahisi kurembwa. Kinachopasua tairi lenye mzigo kwenye lami ya Kampala kwenda Gulu, jua la saa nane mchana, ni mpira uliokauka na nyuzi zilizokatika ndani. Hayo huyaoni tairi likiwa limelala kwenye rundo.

Gari la aina hii ni zito na limesimama juu. Tairi likipasuka kwenye mwendo, gari hupinduka upesi kuliko gari dogo la chini. Ndiyo maana ukaguzi wa dakika kumi kwa kila tairi si usumbufu kwa muuzaji, na muuzaji anayeukataa amekwisha kukujibu.

Nitajuaje tairi lina umri gani?

Tafuta herufi DOT ubavuni. Mwisho wa mstari huo kuna tarakimu nne: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Ukiona tarakimu tatu tu, tairi limetengenezwa kabla ya mwaka 2000; liache hata kama ni la bure. Mara nyingi tarehe huandikwa upande mmoja wa tairi, kwa hiyo usipoiona, geuza. Ikiwa imekwanguliwa pande zote, ondoka.

Usinunue mtumba uliopita miaka sita. Miaka kumi tangu kutengenezwa ndiyo mwisho wa tairi lolote, hata lenye meno kama mapya. Mpira hukauka kwa jua na hewa hata tairi likiwa limetundikwa ukutani.

Meno yakibaki kiasi gani tairi bado lina thamani?

Pima kwa milimita. Kama huna kipimo cha kina, chomeka kijiti cha kiberiti kwenye mfereji, weka alama kwa kalamu, kisha pima kwa rula. Pima mifereji ya katikati na ya kandokando, sehemu tatu tofauti za mzunguko.

Ndani ya mifereji kuna vinundu vidogo vya mpira vinavyoonyesha mm 1.6. Meno yakilingana navyo, tairi limekwisha. Kwa tope na mvua zetu, tairi huacha kushika vizuri kabla ya hapo, kwenye mm 3 hivi. Kwa hiyo hesabu unachonunua kuanzia mm 3 kwenda juu. Tuseme tairi jipya lina mm 11 na linauzwa shilingi 600,000: lina mm 8 za kutumia, yaani shilingi 75,000 kwa kila milimita. Mtumba wenye mm 6 una mm 3 tu za kutumia, na thamani yake haizidi 225,000, hapo bado hujalipa gharama ya kufunga, ambayo utailipa tena mapema. Ukiulizwa 350,000 kwa tairi hilo, jipya ndilo rahisi.

Nikague nini, na kwa mpangilio gani?

Anza nje. Futa ubavu kwa kitambaa chenye petroli kidogo ili rangi nyeusi ya urembo itoke. Kunja mpira kati ya meno kwa vidole uone kama kuna nyufa. Nyufa nyembamba kama unywele juu juu ni uzee wa kawaida, lakini ukucha ukiingia ndani ya ufa, kataa. Pitisha kiganja ubavuni pande zote mbili kutafuta uvimbe. Uvimbe maana yake nyuzi zimekatika chini yake, na haurekebishiki.

Kisha ukingo wa waya, ule unaokaa kwenye rimu. Uwe mzima mzunguko wote. Ukiona waya umejitokeza au mpira umechanika kwa chuma cha kufungulia, tairi hilo litavuja kila siku.

Mwisho, ndani, na hapa ndipo pa kukaa zaidi. Panua tairi kwa mikono, mulika kwa tochi ya simu. Ndani pawe laini, rangi moja, mistari ya kiwandani ikionekana. Tairi lililowahi kuendeshwa bila upepo huacha ushahidi: mkanda uliochubuka unaozunguka ubavu kwa ndani, wakati mwingine wa rangi ya bluu au kahawia ya kuungua, na chini yake vumbi jeusi la mpira uliosagika. Chota vumbi hilo kwa kidole; likiwa na chembechembe kama majani ya chai, ubavu umekufa. Kwa nje tairi kama hilo linaweza kuonekana zuri kuliko yote dukani.

Hesabu pia viraka. Kiraka kimoja au viwili katikati ya meno, vilivyobandikwa kwa ndani, si tatizo. Kiraka begani (meno yanapokutana na ubavu) au ubavuni ni sababu ya kukataa (tazama swali la pancha ya ubavuni).

Meno ni marefu lakini bei ni ndogo mno. Kuna nini?

Huenda yamechongwa. Kuna wanaokata mifereji upya kwa kisu cha moto kwenye tairi lililokwisha kuwa kipara. Linapendeza machoni, kumbe mpira uliobaki juu ya mikanda ya chuma ni mwembamba kama ganda. Kuchonga kunaruhusiwa kwa baadhi ya matairi ya malori yaliyoandikwa REGROOVABLE ubavuni, ambayo kiwanda kiliyaongezea mpira kwa kazi hiyo. La Prado au Hilux halina akiba hiyo.

Dalili: vile vinundu vya mm 1.6 havipo au vimekatwa. Kingo za mifereji ni kali na zina mawimbi ya mkono. Kina kinabadilika hapa na pale. Kwenye sakafu ya mfereji kuna nyuzi zinazochungulia.

Nimeona alama ya mlima na kipande cha theluji. Ni nzuri kwa tope?

Alama hiyo ina maana tairi limefaulu majaribio ya theluji. Mtumba mwingi unatoka nchi za baridi, na kati yake kuna matairi halisi ya majira ya baridi, yaliyotengenezwa kwa mpira laini usiogandishwa na barafu. Kwenye lami ya Uganda mpira huo huisha haraka, na gari huyumba kidogo kwenye kona kwa sababu meno yanapinda. Hayatakupasukia kwa sababu hiyo, ila usiyalipie bei ya tairi la kawaida. Yatambue kwa vijimkato vingi vyembamba juu ya kila jino. Tahadhari moja: matairi kadhaa ya A/T, ya kazi mchanganyiko, nayo yana alama hii na yanafaa kabisa. Meno makubwa yenye vijimkato vichache ndiyo unayoyataka.

## Saizi na rimu

265/70R16 112S inasema nini?

Upana mm 265. Ubavu ni asilimia 70 ya upana huo. R ni radiali, aina ya mpangilio wa nyuzi za ndani. 16 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. 112 ni mzigo: kilo 1,120 kwa tairi moja. S ni mwendo wa juu, kilomita 180 kwa saa.

Namba ya mzigo ndiyo inayosahauliwa, na mtumba wa bei rahisi mara nyingi huwa mwepesi. 100 ni kilo 800, 104 ni 900, 109 ni 1,030. Land Cruiser iliyojaa abiria na mizigo juu ya paa haina kazi na tairi la 100. Usishuke chini ya namba iliyoandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva.

Naweza kuweka makubwa kuliko ya kiwandani?

Kidogo, ndiyo. Kipenyo kikizidi kwa asilimia 3 hivi, gari nyingi hazilalamiki. Zaidi ya hapo matatizo huanza. Mfano unaoulizwa sana: kutoka 235/75R15, yenye kipenyo cha mm 733, kwenda 265/70R16, mm 777. Hiyo ni nyongeza ya asilimia 6. Kipima mwendo kikisema 100, wewe uko 106. Breki zinafanya kazi zaidi, gia ya tano inachoka mlimani, na tairi la akiba linaweza kukataa kuingia mahali pake.

Kabla ya kununua manne, funga moja mbele, kata usukani mpaka mwisho kushoto na kulia, kisha panda tuta kwa gurudumu moja ili springi ibane. Tairi likigusa chasi au bodi, rudisha.

Angalia pia upana wa rimu. 265/70R16 na 31x10.50R15 zinataka rimu ya inchi 7 hadi 9. 235/85R16 inataka 6 hadi 7.5. Tairi pana kwenye rimu nyembamba huvimba katikati, likaisha katikati.

Saizi ya 7.50R16 siipati. Niweke nini?

235/85R16 ndiyo jirani wa karibu, ikiwa na kipenyo cha mm 806 hivi, na inafaa Defender nyingi na Land Cruiser za kazi, mradi upana wa rimu ukubali. 265/75R16 ina mm 804, lakini ni pana zaidi. Kabla ya yote, soma swali la tyubu na la rimu ya pete (ile inayofunguka kwa pete ya chuma pembeni) hapa chini.

Nimepata rimu za mtumba pamoja na matairi. Zitakaa?

Idadi ya matundu haitoshi. Prado, Surf, Hilux 4x4, Land Cruiser 80, Pajero na Patrol zote zina nati sita kwenye duara la mm 139.7. Defender ina tano kwenye mm 165.1, Land Cruiser 100, na za familia ya 70 tangu 1999, zina tano kwenye mm 150.

Kisha pima tundu la katikati: Toyota nyingi ni mm 106 hivi, habu ya Patrol ni 110, kwa hiyo rimu ya Toyota inaweza kugomea pale. Nati nazo si moja. Toyota ya rimu za aloi hutumia nati yenye shingo na washa bapa, na ya chuma hutumia nati ya koni. Ukizichanganya, nati hukaza bila kubana rimu, na gurudumu hulegea safarini. Mafundi wa Kisekka na Ndeeba, Kampala, wanazo za kila aina. Nenda na rimu yenyewe mkononi.

## Kufunga

Kazi nzuri ya kufunga inapitia hatua gani?

Egesha pa tambarare, vuta breki ya mkono, weka mawe au vigingi kwenye magurudumu ya upande wa pili. Legeza nati robo mzunguko gari likiwa bado chini, ndipo upandishe jeki. Jeki inyanyue tu. Gari lishikwe na stendi.

Tairi la zamani likitoka, sugua mahali pa kukaa ukingo kwa brashi ya waya mpaka kutu iishe. Hatua hii huachwa kila mara, na ndiyo chanzo cha nusu ya malalamiko ya tairi kuishiwa upepo polepole. Badilisha vali: ni kitu cha bei ndogo, na vali ya mpira ya miaka mingi hupasuka shingoni. Paka maji ya sabuni kwenye ukingo wa tairi. Mafundi wengine hupaka oili chafu au dizeli. Kataa, vinakula mpira.

Jaza upepo mpaka ukingo uruke na kukaa, lakini usizidishe psi 40 (psi ni kipimo cha msukumo wa upepo). Ukikataa, toa upepo, paka sabuni tena, rudia. Kumwaga petroli na kuwasha moto ili tairi liruke kumeua watu, hakuna dharura inayohalalisha hilo. Likishakaa, tazama mstari mwembamba ulio ubavuni karibu na rimu: uwe na umbali uleule mzunguko wote.

Fanya balansi. Safisha uso wa habu na mgongo wa rimu, kaza nati kwa kuruka upande wa pili kila mara, shusha gari, kisha kaza mwisho. Kwa Prado na Surf za nati sita lengo ni Nm 110 hivi: kwa wili spana yenye mkono wa nusu mita, ni kubonyeza kwa nguvu ya kilo 22 mwishoni mwa mkono. Kuruka juu ya spana kwa miguu hurefusha boliti. Kaza tena baada ya kilomita 50 hadi 100.

Niweke tyubu ndani ili niwe na uhakika?

Kwenye rimu nzima ya tairi lisilohitaji tyubu, hapana. Tyubu husuguana na tairi, huongeza joto, na ikitobolewa upepo hutoka wote mara moja badala ya kuvuja. Kuficha tairi bovu kwa tyubu ni kuwahamishia abiria hatari.

Tyubu ni lazima kwenye rimu ya pete, na kwenye rimu za chuma za zamani zisizo na kituta kidogo kinachozuia ukingo kuteleza ndani, zikiwemo za Land Rover nyingi za zamani. Hapo tumia tyubu ya saizi ileile, toa vibandiko vyote ndani ya tairi, pakaa poda, jaza kidogo, toa upepo, ndipo ujaze kamili ili tyubu isikunjike.

Land Cruiser yangu ina rimu zenye pete. Fundi wa kijijini anaweza kuzifungua?

Anaweza ikiwa anajua hili: vali itolewe sindano na upepo uishe wote kabla ya kugusa pete. Wote. Pete ikiruka na upepo ndani, inakata kichwa. Pete yenye kutu, iliyopinda au ya rimu nyingine isirudishwe. Wakati wa kujaza, gurudumu liwe ndani ya kizimba cha chuma, au pete ikiwa imetazama chini na gurudumu limefungwa kwa mnyororo mnene, huku fundi akisimama mbali na mpira mrefu wa upepo. Ukiona fundi ameinama juu ya pete akijaza, msimamishe.

Nina pesa ya mawili tu. Yaende mbele au nyuma?

Yenye meno marefu yaende nyuma. Nyuma ikiteleza kwenye lami yenye mvua, gari hugeuka na dereva hana la kufanya. Mbele ikiteleza, anapunguza mwendo na usukani unarudi. Mawili ya ekseli moja yafanane saizi, muundo na kina. Kwa gari linalovuta magurudumu yote muda wote, soma swali linalofuata kwanza.

Kwa nini naambiwa yote manne yalingane?

Prado 90 nyingi, Land Cruiser 80 nyingi, Defender na Discovery huvuta kwa magurudumu yote hata kwenye lami, zikiwa na difu ya katikati, gia inayogawa nguvu kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma. Matairi ya nyuma yakiwa makubwa kidogo kuliko ya mbele, difu hiyo huzunguka bila kupumzika kutoka Kampala hadi Arua. Ukiifunga njiani, mkazo wote huenda kwenye shafti.

Tofauti ya kina isizidi mm 2, sawa na mm 12 au 13 za mzunguko. Zungushia tairi lenye upepo futi ya fundi cherehani katikati ya meno. Namba hiyo haidanganyi, kwani hata saizi moja ya kampuni mbili huweza kupishana. Patrol, na Pajero ikiwa kwenye 2H (inavuta kwa magurudumu mawili tu), huvumilia zaidi, mradi usiweke 4x4 kwenye lami kavu.

## Upepo na barabara

Niweke psi ngapi?

Anza na kibandiko cha mlango. Kama kimefutika, psi 32 hadi 35 kwa 4x4 nyingi za matairi ya saizi ya Prado, na 38 hadi 42 nyuma ukiwa na mzigo kamili, bila kupita kiwango cha juu kilichoandikwa ubavuni. Pima asubuhi, tairi likiwa baridi. Baada ya saa moja barabarani, kupanda kwa psi 4 hadi 6 ni kawaida. Usipunguze tairi la moto. Likipanda kwa 8 au zaidi, lilianza na upepo mdogo au limebeba kupita kiasi.

Kwenye changarawe shuka hadi 26 au 28; mawe hayakati sana, na gari halirukiruki kwenye matuta madogo. Tope zito, 20 hadi 22. Kwa mtumba usishuke zaidi, kwa sababu ubavu wa miaka mitano hauvumilii kukunjwa kama mpya. Ukishapunguza, mwendo usizidi kilomita 40 kwa saa, na ujaze kabla ya lami. Beba kompresa ndogo.

Aina ipi inafaa upande ninaokwenda?

Kisoro kuna mawe ya volkano yenye makali. Pale kinachohesabiwa ni ubavu: tafuta LT (tairi la gari la mizigo midogo) ya 8PR au 10PR; PR ni kipimo cha uimara wa tabaka za nyuzi. Karamoja na njia ya Ishasha zina udongo mweusi unaojaza meno ndani ya dakika. Mvua ikinyesha, tairi la barabarani hugeuka kipara papo hapo, na hata A/T inahangaika. Ni meno makubwa yenye mianya mipana tu yanayojisafisha. Miteremko ya Elgon, Bududa na Kapchorwa, ina udongo mwekundu wa utelezi. A/T yenye mm 7 inatosha, chini ya mm 5 subiri pakauke. Anayeishi Kampala na kutoka mara mbili kwa mwaka asinunue matairi ya tope. Yanapiga kelele, yanakula mafuta, na breki zake kwenye lami yenye maji ni ndefu.

## Mambo yanapoharibika

Usukani unatetemeka tangu nifunge.

Ukitetemeka kwenye kilomita 80 hadi 100 kisha ukatulia, ni balansi, au tope lililoganda ndani ya rimu. Ukitetemeka kwenye mwendo wowote, zungusha gurudumu likiwa juu ya jeki na utazame: rimu imepinda, au tairi lenyewe halina mviringo. Hilo la pili halina dawa. Kama matairi ni sawa, shika gurudumu juu na chini ulitikise. Ukisikia mchezo, ni beringi au boljointi. Alaimenti ifanywe baada ya hizo kurekebishwa. Kabla ya hapo ni pesa ya bure.

Tairi moja linapoteza psi 5 kila wiki.

Maji ya sabuni kwenye vali, kwenye ukingo pande zote mbili, na kwenye meno. Povu likitoka ukingoni, fungua na usugue kutu (tazama hatua za kufunga). Likitoka kwenye aloi yenyewe, kuna ufa, usikubali kuchomelewa.

Pancha ya ubavuni inazibika?

Hapana. Ubavu unakunjwa kila mzunguko, na kiraka kitaachia. Njiani kati ya Moroto na Kotido, kuziba kwa kamba ya mpira na kutambaa kwa kilomita 30 kwa saa hadi kwenye tairi jingine kunaeleweka. Ukifika, tairi hilo liondolewe kabisa. Katikati ya meno, tundu lisilozidi mm 6 huzibwa kwa kiraka cha ndani na kudumu.

Tairi la akiba linaweza kuwa lolote?

Kwenye gari la difu ya katikati, liwe saizi ileile. Nalo lina umri: lililotundikwa mlango wa nyuma huchomwa na jua kila siku, kwa hiyo soma DOT yake pia. Likiwa na hali sawa na mengine, liingize kwenye mzunguko wa kubadilishana kila kilomita 8,000 hadi 10,000, yote matano yaishe pamoja. Angalia mshale wa mwelekeo ubavuni. Tairi lenye mshale linafaa upande mmoja tu, na likifungwa kinyume liwe la muda. Upepo wake uweke psi 5 juu ya mengine, maana kupunguza njiani ni rahisi kuliko kujaza.